Sababu ya Kusimama

Saa nane usiku, Tokoroa, mwezi wa saba.
Ukungu umelala juu ya magogo
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ndani, msonobari unanukia utamu na moto.
Naukagua mstari kuanzia mwisho, nikirudi mwanzo,
maana tatizo huzaliwa kule juu, likaja kulilia huku chini:
kibano, gundi, kisu, ukanda,
hadi kwenye rundo la vipande vifupi
ambavyo wengine wangevitia tanurini.

Kazi yetu ni kuunga.
Kipande cha nusu mita huchongwa meno kichwani,
tunayaita vidole,
vidole vya huyu vikaingia kati ya vidole vya yule,
na kilichokuwa kuni kikatoka ubao wa mita sita,
mnyoofu, wa kushika dari
juu ya usingizi wa watu nisiowajua.

Unyevu asilimia kumi na mbili.
Ukizidi kumi na nne narudisha mzigo,
hata dereva wa foklifti akinuna.
Fundo likisogelea meno, natoa.
Na masikio yangu yamezibwa, lakini kisu kikiwa butu
hunifikia kupitia nyayo.

Gundi haina subira.
Tereapii huipaka huku akihesabu kwa lugha ya Rarotonga:
toka brashi hadi kibano, dakika nane.
Ya tisa ni takataka.

Lindsay Bruford, fundi mitambo,
akiagiza vitu vitano kwa mkono
huonyesha vinne na nusu.
Wageni hucheka.
Halafu huacha.

Usiku ule kipande kilikwama mdomoni mwa kisu.
Umeme ukajikata, king'ora kikalia, kikanyamaza,
na Tamahou, miaka kumi na tisa, wiki yake ya tatu,
akafungua kifuniko cha mashine iliyomzidi mama yake umri.
Alidhani kimya ni ruhusa.
Lakini kisu kikinyimwa umeme huzunguka bado,
dakika nzima na ushei,
kwa kasi inayokifanya kionekane hakipo.

Sikupiga kelele; nani angesikia?
Nilimshika ukosi kwanza, kama paka abebavyo mwanawe.
Kitufe chekundu baadaye.
Mstari wote ukalala.

Tukasimama tukikitazama kisichoonekana
mpaka kikaanza kuonekana:
kwanza moshi, kisha duara,
kisha meno, moja moja, yakipita polepole
kama yanatutambua.
Nyuma yetu Tereapii aliendelea kuhesabu.
Alipofika tisa aliweka brashi chini.

Nikafunga kufuli langu kwenye swichi. Lindsay lake. Tereapii lake.
“Na lako,” nikamwambia kijana.
Lilikuwa halina jina bado.
Akaliandika kwa chaki ya mafuta ya kutilia alama mbao,
herufi za mwisho zikabanana ukingoni.
Makufuli manne, swichi moja:
haiamki mpaka wote wanne tumekubali.

Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa
hawakusema lolote
juu ya kile kinachobaki katika unga wa mbao.

Dakika thelathini na saba.
Vipande arobaini na viwili vilivyokaukiwa gundi, tukavitupa.
Alfajiri nikachukua ubao mmoja wa zamu,
nikaukunja kwenye kipimo mpaka ukalia.
Ulivunjika kando ya kiungo, kwenye mti wenyewe;
vidole vikabaki vimeshikana.
Hivyo ndivyo inavyotakiwa.
Nikaandika: umepita.

Fomu ya zamu ina nafasi ndogo: Sababu ya kusimama.
Meneja hupenda neno moja, kama “msumeno”, kama “umeme”.
Niliandika mawili.
Vidole kumi.

Nje, penye bomba la maji baridi,
Tamahou alikuwa akibandua gundi mikononi,
kidole baada ya kidole, bila haraka,
kama mtu anayevivisha pete.